Hivi "hakuna mtandao" maana yake nini?

Jamani, leo nina hasira, mnivumilie. Pale chumba cha habari tuna programu ndogo ya kutuma picha kutoka kompyuta zetu waandishi kwenda kwa mhariri wa picha. Unaifungua, jina la seva linajitokeza lenyewe. Unabofya, unaambiwa: "Hakuna mtandao." Sasa kama hakuna mtandao, hilo jina limefikaje kwenye skrini yangu?

Aliyeitengeneza akaitwa. Akaja, akasema waya ni mbovu, akaondoka. Wiki nzima picha tunazibeba kwa flashi.

Ninachokilalamikia ni hiki: watengeneza programu wetu wanachanganya kuona na kufika. Ule utaratibu wa kompyuta kutambuana zenyewe, ambao Apple waliutoa mwaka 2002 kwa jina la Rendezvous na mwaka 2005 wakauita Bonjour, kazi yake ni kutangaza tu. Tangazo linarushwa kwa UDP kwenye anwani 224.0.0.251, poti 5353: huduma fulani ipo, kompyuta yake ni hii, poti yake ni hii. Basi. Kuunganishwa kwenyewe ni safari nyingine, mara nyingi kwa TCP, tena kwa poti nyingine kabisa. Bango la duka unaliona toka barabarani, kumbe mlango una kufuli.

Na kufuli si la aina moja. Ukikataliwa papo hapo, kwa kawaida mashine umeifikia ila kwenye poti ile hakuna anayesikiliza. Ukisubiri mpaka muda unaisha, kuna kitu kinameza pakiti zako, na mara nyingi ni faiawoli iliyoruhusu 5353 ikaisahau poti ya huduma yenyewe. Tofauti hii mtengenezaji anapewa bure na mfumo wa kompyuta. Yeye anaitupa, anaandika "Hakuna mtandao"!

Sisi tulikuwa tunakataliwa papo hapo. Nikakaa kwenye kompyuta ya seva, nikaandika netstat -an. Nikaona 127.0.0.1:8080. Yaani seva ilikuwa inajisikiliza yenyewe tu! Kwake ilifanya kazi kwa sababu vyote viwili, seva na programu ya kutumia, alivijaribu kwenye kompyuta moja. Waya wa watu umesingiziwa bure.

Najua kuna atakayesema mtumiaji wa kawaida hana haja ya kujua mambo ya poti. Sawa, lakini asidanganywe. Mimi nikiandika kwamba waziri "hakupatikana" wakati alipokea simu akanikatia, mhariri wangu hanielewi, na ana haki.

Jamaa kabadili 127.0.0.1 kuwa 0.0.0.0, picha sasa zinapita. Ujumbe hajaugusa. Nilipomuuliza atauondoa lini, akanijibu kwamba watu wameshauzoea.