Kifua Kikuu, Mkojo na Deni la Kiswahili

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Je, anayefichwa maradhi yake na lugha asiyoielewa atalaumiwa kwa lipi?

Katika mtaa wa Mathare, vyumba vya mabati vimebanana na hewa ni haba, hivyo kifua kikuu huenea kwa urahisi. Kipimo kilichozoeleka ni cha makohozi. Hata hivyo, anayeishi na virusi vya UKIMWI, akidhoofika sana, mara nyingi hushindwa kuyatoa. Ndiposa mwaka wa 2015 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kipimo cha mkojo kwa wagonjwa kama hao, na mwaka wa 2019 likapanua pendekezo hilo. Kinachotafutwa ni lipoarabinomanani, sehemu ya ukuta wa bakteria wa kifua kikuu inayotoka na mkojo. Jibu hupatikana baada ya dakika 25 hivi.

Sasa, mwanamke anayekohoa akiagizwa kuleta mkojo, si atadhani anapimwa mimba? Akiambiwa jibu ni "hasi", si atakwenda zake akijiona mzima, ilhali hasi hiyo haithibitishi kuwa hana kifua kikuu na uchunguzi hauna budi kuendelea?

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi. Urasmi huo usiishie bungeni. Sisi wanafunzi wa Kiswahili, tulio mahiri wa kuhakiki tamathali, tuketi na wauguzi tuandike maelezo ya ukurasa mmoja: kwa nini mkojo huulizwa habari za kifua, na hasi ina maana gani.