Nadhiri ya Chini Haifutwi na ya Juu



Wako watu, hasa katika miji ya Ulaya na Marekani, wasemao ya kuwa katika dini ya Buda kama ifundishwavyo na Watibet, mtu akiisha kufika daraja ya juu hafungwi tena na nadhiri za daraja ya chini. Kwao amri zile tano, yaani usiue, usiibe, usizini, usiseme uongo, usilewe, ni kama kibao cha mtoto ajifunzaye herufi: akiisha kujua kusoma hukiweka kando. Maneno hayo ni matamu, lakini si kweli, tena yameumiza watu. Nitayajibu kwa mafundisho ya Watibet wenyewe.

Shauri hili si jipya. Yapata miaka elfu iliyopita, katika ufalme wa Guge, magharibi ya Tibet, Mfalme Yeshe-Ö aliwakemea watu walioshika maneno ya nje tu ya vitabu vya siri viitwavyo tantra, wakatenda machafu na kuyaita ibada. Baadaye Jangchub-Ö, wa ukoo uo huo, akamwalika Atisha, mwalimu mkuu wa Bengal, naye akafika mwaka 1042. Hakuombwa kufundisha siri za ajabu, bali fundisho la kuwafaa watu wote. Ndipo akaandika kitabu kifupi kiitwacho Taa ya Njia ya Kuamka.

Humo aliwagawa watu katika daraja tatu. Wa kwanza hutafuta kuzaliwa mara nyingine mahali pema, kwa kuwa wao husadiki ya kwamba afaye huzaliwa tena. Wa pili huchoka na mzunguko wote wa kuzaliwa na kufa, akatafuta kufunguliwa nafsi yake. Wa tatu hutafuta kuamka kama Buda alivyoamka, ili awaokoe viumbe wote. Nadhiri nazo ni za namna tatu. Ya kwanza ni ya kujizuia usidhuru: mtu wa nyumbani ana zile amri 5, na mtawa kamili wa Tibet ana sheria 253. Ya pili ni ya bodisatwa, yaani mtu aliyejifunga kuwaokoa wengine. Ya tatu ni ya tantra.

Sasa tazameni. Atisha asema kwamba aliye na nadhiri ya kwanza ndiye astahiliye kuipokea ya pili. Ni nani ajengaye ghorofa, kisha akabomoa ukuta wa chini? Tena asema kwamba mtawa aliyeapa kutokaribia mwanamke asipokee siri fulani za tantra, maana zingeivunja nadhiri yake. Hapo ya chini ndiyo iliyoizuia ya juu! Naye Dromtönpa, mwanafunzi mkuu wa Atisha, hakuwa mtawa. Alishika nadhiri za mtu wa nyumbani tu, lakini ndiye aliyeanzisha nyumba ya watawa ya Reting mwaka 1057. Basi nadhiri ndogo si kitu cha kudharauliwa.

Najua watakavyojibu. Watasema kwamba wanazuoni wa Tibet wenyewe wamebishana juu ya nadhiri tatu. Ni kweli, Sakya Pandita (1182–1251) aliandika kitabu kizima cha kuzibainisha. Lakini ubishi ule ni juu ya namna zinavyokaa pamoja ndani ya mtu mmoja, kama ya chini hugeuka kuwa ya juu au hubaki mbalimbali. Haukuwa ruhusa ya kufuata tamaa.

Watasema pia kwamba bodisatwa aweza kuvunja sheria kwa ajili ya huruma. Hili nalo limo vitabuni. Kuna kisa cha nahodha aliyejua ya kuwa mtu mmoja chomboni amekusudia kuwaua wafanyabiashara 500. Nahodha akamwua, naye alikuwa tayari kuingia katika mateso ya jehanamu ili wale wasife, wala mwovu yule asichukue mzigo wa dhambi kubwa hivyo. Haya, linganisheni. Nahodha alivunja sheria akajitwika maumivu mwenyewe. Walimu tunaowasema huvunja sheria wakapata anasa, na maumivu wakamwachia mwanafunzi. Mtu wa namna hii atajifananishaje na nahodha yule?

Mwisho watasema kwamba mwanafunzi ameagizwa kumwona mwalimu wake kuwa kama Buda. Lakini agizo hilo lina mlango wake. Mapokeo yao humtaka mwanafunzi amchunguze mwalimu kabla ya kumfuata. Hata Tsongkhapa, aliyeandika kitabu chake kikubwa cha hatua za njia mwaka 1402, alitaja sifa za mwalimu afaaye, akafundisha kwamba mwalimu akiamuru lisilopatana na mafundisho, asitiiwe katika neno hilo.

Nayo si habari ya kale tu. Mwaka 1993 walimu wa dini hiyo kutoka nchi za Magharibi walikutana na Dalai Lama wa 14 huko Dharamsala, nchini India, kwa sababu ya malalamiko juu ya walimu waliowaonea wanafunzi kwa fedha na kwa zinaa. Barua iliyotoka baada ya mkutano iliwahimiza wanafunzi wasinyamaze.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Watibet nao, katika vitabu vyao vilivyo bora, hawakusema neno jingine. Mtu akikuambia kwamba amepanda juu mno hata amri zile tano hazimhusu tena, usimwulize juu ya siri zake. Waulize waliokaa naye nyumbani aliwatendea nini.