Ni Maigizo, Kwa Hiyo?

Kila nikisema naandika kuhusu mieleka ya kwenye TV, tena ya zamani, lazima mtu anikatize: "Lakini si maigizo yale?" Anasema kama vile kagundua jambo. Juzi alikuwa mhitimu mwenzangu wa fasihi, tumekaa Mtaa wa Narung'ombe tunakunywa kahawa na kashata. Huyo huyo anaweza kukuhutubia nusu saa kuhusu Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere. Sijawahi kumsikia akilalamika kwamba Kaizari, baada ya kuchomwa visu vyote vile, pazia likifungwa anainuka na kwenda kula.

Basi twende kwenye pambano lenyewe. Memphis, Marekani, tarehe 5 Aprili 1982. Enzi hizo mieleka ya Marekani ilikuwa ya kimkoa: kila eneo na wababe wake, promota wake na kituo chake cha TV. Memphis walikuwa hewani laivu kila Jumamosi asubuhi, mtangazaji Lance Russell, na pembeni yake Dave Brown, msoma hali ya hewa. Asubuhi watu wanatambiana studio, Jumatatu usiku mji unalipa kiingilio kwenda kuona nani atamlaza nani.

Steringi alikuwa Jerry Lawler, mtoto wa mjini. Adui alikuwa Andy Kaufman, mchekeshaji wa tamthilia ya Taxi, aliyekuwa akipigana mieleka na wanawake na kujiita bingwa wa dunia. Ili achukiwe vizuri, alirekodi video akiwafundisha watu wa Memphis sabuni ni kitu gani.

Kwa ufundi, pambano ni bovu. Kaufman anakimbiakimbia, anashuka ulingoni, anapoteza muda. Lawler anachoka, anamwachia kichwa bure akikabe. Akishakabwa, anamnyanyua na kumbwaga chali, kisha anamgeuza kichwa chini miguu juu na kumsindilia sakafuni. Mbinu hiyo ilikuwa marufuku Memphis, kwa hiyo Lawler anapoteza pambano. Ukumbi unalipuka kwa shangwe! Steringi kashindwa na hakuna anayejali. Nitajie riwaya ngapi za Kiswahili zinathubutu kumaliza hivyo, na msomaji akaondoka ameridhika.

Kaufman alitolewa kwa gari la wagonjwa, akatembea na kola ya shingo. Alifariki mwaka 1984 kwa saratani ya mapafu bila kutoboa siri. Ilipita zaidi ya miaka kumi tangu pambano ndipo umma ukaambiwa kwamba yeye na Lawler walipanga wote wawili.

Na tusijifanye hatuujui mchezo huu. Dar ya miaka ya 1990 ilikuwa na TOT na Muungano. Khadija Kopa huku, Nasma Khamis Kidogo kule, mipasho inarushwa, ukumbi umegawanyika. Ni ugomvi wa kweli au biashara? Aliyeinuka na noti mkononi kwenda kutunza hakuuliza. Alijua analipia nini.

Mimi mieleka niliijulia kwenye kibanda cha video hapa hapa Kariakoo: benchi la mbao, joto la kufa mtu. Kanda ilikuwa ya Kiingereza, lakini jamaa aliyekaa karibu na deki alitusimulia kwa Kiswahili cha mtaani. Huyu kamwibia yule mke, wale ni ndugu wanagombea mirathi. Mengi aliyatunga hapo hapo, nasi tukalia kwa ajili ya mirathi ambayo haikuwepo.

Kazi ya watu wa namna hiyo, akiwemo Lufufu aliyetia sauti yake kwenye filamu za kigeni, alikuja kuiandikia kwa kina profesa wa Ujerumani, Matthias Krings. Sisi wenye digrii za fasihi tulikuwa wapi? Tulikuwa tunauliza kama ni maigizo.

Ndiyo, ni maigizo. Hapo ndipo kazi ya mhakiki inapoanza. Yameigizwa vizuri? Nani anadanganywa, nani anajua, nani analipa? Kuhusu Memphis naweza kujibu, kwa sababu kanda ya pambano ipo. Naitazama kwenye simu nikiwa ndani ya daladala ya Gerezani. Yule msimuliaji wangu wa kibandani, sina kanda yake hata moja. Hata jina lake silijui.