Barua Rasmi Isiyopokelewa

Mapema mwaka huu nilialikwa kusoma makala katika kongamano la Kiswahili barani Ulaya, katika mojawapo ya nchi zinazotoa viza ya pamoja ya Schengen. Makala yalihusu upatanisho wa kisarufi katika insha za wanafunzi wa shule za upili, na data yake tuliikusanya mimi na wanafunzi wangu wawili wa uzamili kwa muda wa mwaka mzima.

Nilitayarisha kila kilichohitajika: taarifa za benki, tikiti, bima ya yuro 30,000, picha. Barua ya chuo ya kunithibitisha kuwa mhadhiri niliomba iandikwe kwa Kiswahili. Ilichukua siku tisa kutoka, kwa kuwa afisini hapakuwa na mfano wa barua kama hiyo, na karani mmoja alinipigia simu kuniuliza “likizo ya kikazi” huandikwaje.

Dirishani nilihudumiwa na binti Mkenya. Aliisoma barua kutoka anwani hadi sahihi, kisha akatabasamu. “Samahani, mwalimu. Barua nimeielewa yote, hata nimeipenda. Lakini watakaoamua si mimi, na hati zisizo za Kiingereza wala za lugha yao sharti ziwe na tafsiri.” Nakiri kwamba kanuni hiyo ilikuwa imechapishwa katika orodha ya mahitaji, nami niliipita kwa haraka. Miadi nyingine ingepatikana baada ya kongamano kwisha. Hivyo nikalipa yuro 90, ambazo hazirudishwi hata ombi likikataliwa, nikaacha hati zangu jinsi zilivyokuwa.

Siku ya kumi na nne pasipoti ilirudi pamoja na fomu yenye orodha ya sababu. Palitiwa alama mahali pasemapo kwamba sikuthibitisha madhumuni na masharti ya ziara yangu. Kikao changu kikafutwa. Wale wanafunzi wawili, ambao kwa mara ya kwanza majina yao yangalitajwa mbele ya wataalamu, niliwaarifu kwa simu. Sikuwa na ujasiri wa kuwatazama usoni.

Baadhi ya wenzangu wamenihimiza niwashutumu wageni hao. Sioni haki kufanya hivyo. Kila taifa huamua lugha itakayosomwa afisini mwake, na sisi tuliamua zamani. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka wa 2010 chatamka kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi za Kenya. Mnamo 2021 UNESCO iliitenga Julai 7 kuwa siku ya Kiswahili duniani, na mwaka uliofuata Umoja wa Afrika ukakifanya lugha yake ya kazi. Tulishangilia, tukacheza ngoma. Hata hivyo, nilipokwenda kuomba barua ile ile kwa Kiingereza, niliipata kabla sijamaliza kikombe cha chai! Je, mgeni atatuamini vipi kwamba lugha hii ni rasmi, ilhali sisi wenyewe twaitolea barua baada ya siku tisa na ile nyingine kwa dakika kumi?

Walimu wenzangu wanaelewa ninachokisema. Twawafundisha watoto barua rasmi: anwani mbili, tarehe, mtajo, kiini, hitimisho. Twawanyima alama wakisahau kupigia mtajo mstari. Kisha mtoto huyo huhitimu, akatafuta kazi, akaomba leseni, akafungua akaunti ya benki, na hapati mahali pa kuipeleka barua aliyofunzwa kuiandika. Wizara yetu ya mambo ya nje ingeweza kuwaomba mabalozi wazikubali hati za Kiswahili, maana wengi wao wana makarani Wakenya wanaozisoma bila taabu. Lakini ombi hilo litakuwa la aibu iwapo nalo litaandikwa kwa Kiingereza.

Kongamano hilo hufanyika kila mwaka, na waandaaji wamenihifadhia nafasi. Nimekwisha kupanga miadi mpya. Barua ya chuo imo ndani ya bahasha mezani pangu, na ni ya Kiingereza.