Poda Hailipi Deni la Usingizi

Kupenda kuonekana vizuri ni haki ya kila mtu aliye hai. Uso ndio barua ya kwanza tunayowapelekea wenzetu. Huisoma kabla hatujafungua kinywa. Aliyelala vema, akaamka, akaoga, akajitazama kiooni na kufurahi, hakumkosea mtu. Wala aliyetia wanja machoni na poda kidogo usoni hakumkosea mtu. Basi, msomaji, sikusudii kukutia aibu kwa sababu ya kioo chako. Nakusudia kugombana na uongo mmoja ulioenea madukani, katika matangazo na katika picha za simu: ya kwamba uso mkunjufu ni bidhaa, na kwamba mtu aweza kuutesa mwili wake usiku kucha, kisha asubuhi akanunua sura ya mtu aliyepumzika kama anunuavyo kiberiti.

Nasema hawezi. Usingizi ni deni, na mwili ni mdai asiyesahau. Aweza kungoja siku mbili au tatu, lakini daftari lake ni uso wako mwenyewe, na kila apitaye hulisoma.

Kabla sijawakabili wachuuzi wa uongo huo, yanipasa nijitenge na watu wengine ambao huenda wakadhani mimi ni mwenzao. Hao ni wakali wanaosema kwamba pambo lolote ni upuuzi, na kwamba kijana mwenye adabu hana haja ya kioo. Watu hao hawaijui nchi yao. Katika miji ya pwani yetu, kama Lamu na Mombasa, kujipamba ni elimu yenye walimu wake. Bibi arusi hutunzwa ndani kabla ya siku yake. Somo wake humsugua kwa singo, mchanganyiko wa liwa na viungo vinukiavyo. Humpaka hina mikononi na miguuni. Humfukiza udi nguo na nywele. Liwa husuguliwa juu ya jiwe kwa maji kidogo kidogo, na asumini hutungwa ua kwa ua. Hakuna hata moja katika kazi hizo ipendayo haraka. Usione vyaelea, vimeundwa.

Lakini litazame jambo ambalo wengi hulipita. Katika siku zile za kutunzwa, bibi arusi huondolewa kazi nzito na jua kali. Hula, huoga, hulala. Wazee waliopanga desturi hiyo walijua ya kuwa pambo huja baada ya mapumziko, kama vile chokaa huja baada ya ukuta kusimama. Sisi leo twataka kupaka chokaa pasipo ukuta.

Kwamba usingizi huonekana usoni si maneno ya bibi zetu peke yao. Mwaka 2010 wataalamu wa Sweden walitoa habari za jaribio walilolifanya mjini Stockholm. Waliwapiga picha watu 23 mara mbili: mara moja baada ya kulala vya kutosha, na mara nyingine baada ya kulala kidogo na kisha kukesha kwa saa 31. Picha zikatiwa mbele ya watazamaji 65 ambao hawakuambiwa ni nani aliyelala na ni nani aliyekesha. Watazamaji wakawaona waliokesha kuwa wachovu zaidi, wenye afya haba zaidi, na wasiovutia kama walivyovutia walipolala. Mwaka 2013 jaribio jingine la huko huko likazitaja dalili zenyewe: kope zilizolegea, macho mekundu na yaliyovimba, weusi chini ya macho, ngozi iliyopauka, mikunjo midogo, na pembe za mdomo zilizoinama.

Hebu zihesabu dalili hizo, kisha uiulize poda yaweza kuponya ngapi. Itaficha weusi chini ya macho, kwa kuwa ngozi ya mahali pale ni nyembamba mno na kila kivuli huonekana. Itaficha na kupauka. Lakini haitainua ukope uliolegea, wala haitausafisha wekundu wa jicho, wala haitazinyanyua pembe za mdomo. Tena hizo ni dalili za nje tu. Aliyekesha huwa mwepesi wa hasira, mzito wa kuelewa, na msahaulifu wa lile alilolisoma saa chache zilizopita. Je, kuna duka liuzalo poda ya kumbukumbu, au rangi ya kupaka juu ya ukali wa ulimi? Mficha maradhi kilio humfichua, na mficha uchovu hufichuliwa na mwayo wa kwanza.

Na hapa ndipo mchuuzi aingiapo. Akiona poda haikutosha, hukuletea kitu chenye nguvu zaidi, na hukiuza kwa hila ya neno. Neno lenyewe ni kung'aa. Katika lugha yetu kung'aa ni kutoa nuru. Ngozi ya rangi yoyote hung'aa ikiwa safi, ina mafuta, na mwenyewe ana afya. Mpingo uliopigwa msasa hung'aa, nao ni mweusi kuliko miti mingi. Mchuuzi amelichukua neno hilo akalipa maana nyingine, akataka uamini kwamba kung'aa ni kuwa mweupe. Kisha akakufunulia kopo lake. Anachokuuzia humo ni kuchubuka.

Baadhi ya makopo hayo yana zebaki. Zebaki huizuia ngozi isiumbe rangi yake ya asili, ndiyo maana mtumiaji huona anapauka na kudhani dawa inafanya kazi. Walakini haikomi kwenye ngozi. Hupenya, huingia damuni, na huyafikia mafigo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za wagonjwa 60, watu wazima, waliopatwa na ugonjwa wa mafigo wenye kuvimbisha mwili. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia mafuta ya kuifanya ngozi kuwa nyeupe yenye zebaki. Fikiri vema, msomaji, juu ya msiba huo. Ugonjwa wa namna hiyo hulijaza umbo maji, na mara nyingi huanza kuonekana asubuhi, kope na uso vikiwa vimevimba. Mtu alitoa fedha yake kununua sura ya aliyepumzika, akapewa sura ya mgonjwa.

Wala usidhani upofu huu ni wa Afrika peke yake. Huko Ulaya, kwa karne kadhaa, mabibi wa cheo walijipaka usoni unga mweupe wa risasi, madini yenye sumu. Ngozi ilipoharibika walizidisha unga ili kuuficha uharibifu. Maria Gunning, mke wa Lodi wa Coventry nchini Uingereza, aliyesifiwa sana kwa uzuri wake, alikufa mwaka 1760 akingali kijana, na kifo chake kimehusishwa tangu hapo na rangi alizojipaka. Rangi ya ngozi yake ilikuwa nyeupe tangu kuzaliwa, na bado mchuuzi alimwambia haitoshi. Hapo ndipo ujue ya kuwa mchuuzi wa aibu hana kipimo cha kuridhika. Biashara yake hufa siku ile utakapoipenda ngozi yako.

Mataifa yameliona jambo hili. Mkataba wa Minamata juu ya zebaki, uliokubaliwa mwaka 2013, ulipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki kupita kiasi kidogo mno, visitengenezwe wala kupitishwa mipakani baada ya mwaka 2020. Walakini sheria haiwezi kusimama mlangoni pa kila kibanda. Mlinzi wa mwisho ni wewe mwenye ngozi. Kopo lisilotaja vilivyomo ndani yake halistahili kufunguliwa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Najua utanijibu. Utasema, "Nitalalaje, nami nina mtihani? Mwenzangu husoma mpaka usiku wa manane, nikilala atanipita." Hoja yako ni nzito, nami sitaipuuza. Wataalamu wa usingizi hushauri kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10 kila usiku. Tena usingizi ndio wakati ambapo ubongo huyaweka imara yale uliyojifunza mchana. Akeshaye ili asome ni kama mkulima apandaye mbegu usiku na kuzifukua alfajiri. Jasho limemtoka, lakini ghala itabaki tupu.

Na kwa walio katika shule za bweni nina neno zaidi. Kanuni za Elimu ya Msingi za Kenya za mwaka 2015 ziliweka wakati wa kulala kuwa tangu saa 3.30 usiku hata saa 12.00 asubuhi. Hizo ni saa 8 na nusu, nazo ziliandikwa katika sheria kwa ajili yako. Basi shule ipigayo kengele saa 10.00 alfajiri, na kujisifu kwa bidii, inajisifu kwa kuchukua kisicho chake. Mkubwa awaonaye vijana wakisinzia darasani, akawaita wavivu, na aulize kwanza ni nani aliyewaamsha.

Wako pia wasiolala kwa sababu zisizo hiari yao: anayetembea mwendo mrefu kwenda shule, anayepika na kulea wadogo zake, anayelala katika chumba kimoja na watu sita na taa moja. Hao siwalaumu. Nawalaumu wenye nguvu ya kuwapunguzia mzigo wasiifanye kazi hiyo, kisha wakawaambia wajipake kitu usoni waonekane wachangamfu.

Sasa nitakupa dawa yangu, nayo ni rahisi bei. Lala mapema, na simu ilale mbali nawe. Nawa uso kwa maji safi na sabuni isiyo kali. Paka mafuta mepesi ngozi ikiwa bado ina unyevu, ili maji yasitoroke. Jikinge na jua la adhuhuri. Kunywa maji, kula matunda na mboga. Usiazime wanja wala brashi ya mwenzako, kwa maana ugonjwa wa macho huazimwa pamoja navyo. Na wanja wenyewe uujue asili, kwani baadhi yake huwa na risasi. Ukifika umri na mahali pa kujipodoa, jipodoe kwa furaha, na kila usiku uyaondoe yote kabla ya kulala, ngozi nayo ipate usiku wake.

Ukishafanya hayo, pambo lako litakuwa kweli iliyotiwa nakshi. Utapaka poda kwa sababu wapenda kupaka, si kwa sababu unaogopa kuonekana. Tofauti ya hayo mawili ni kubwa: wa kwanza ni bwana wa kopo lake, na wa pili ni mtumwa wake.

Dunia itakuuzia kila kitu ila usiku. Usiku hugawiwa bure, kwa tajiri na kwa maskini, nao huondoka kila alfajiri usirudi. Mwenye kuutupa usiku wake, kisha akaenda dukani kuutafuta ndani ya kopo, ametoa fedha mara moja na afya mara mbili. Chukua fungu lako la usiku, msomaji, na umdai yeyote atakayekunyang'anya.