Chakula cha mbwa kisiuzwe bila lebo

Ingia katika maduka mengi ya agroveti kuanzia Runyenjes hadi Nkubu uulize chakula cha mbwa. Utaonyeshwa gunia lililofunguliwa mdomo, mkebe ndani, mizani kando. Unapimiwa kilo zako, unalipa, unaondoka na mfuko usio na maandishi. Ukiuliza kimetengenezwa kwa nini, unajibiwa: "Ni cha mbwa."

Tunaambiwa tusome lebo. Tusome ipi?

Lebo nzuri hupanga viambato kwa uzito, kizito kikitangulia. Hapo ndipo mnunuzi hugundua kwamba nyama iliyotajwa mwanzoni ni kidogo mno ukijumlisha mahindi, pumba ya mahindi na kiini cha mahindi, vilivyotajwa kimoja kimoja. Huonyesha pia protini. AAFCO, chama cha Marekani cha wasimamizi wa chakula cha mifugo, hutaka angalau asilimia 18 kwa mbwa mzima na 22.5 kwa anayekua, unyevu ukiwa haumo katika hesabu. Nami ningependa neno "mashudu" lifafanuliwe: ya alizeti, ya pamba, au ya makadamia? Sisi wa Embu na Meru tunalima makadamia, na kokwa zake humlegeza mbwa miguu ya nyuma. Huyo ndiye tunayemwachia shamba alinde usiku.

Lakini linaloniudhi zaidi ni mahindi. Huku yakishaota kuvu, utasikia mtu akisema hayafai ugali, basi yapelekwe kwa kuku au mbwa. Hatujasahau mwaka 2004, sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini ilipowaugusha watu 317 na kuua 125, wengi wao wa Makueni na Kitui. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi na sumu hiyo. Huharibu ini, na kuuchemsha unga kwa saa nzima hakuiondoi.

Wenye viwanda vikubwa nao huteleza. Mwishoni mwa 2020, chakula cha mbwa aina ya Sportmix kilipatikana na aflatoksini huko Marekani, na kufikia Januari 2021 mbwa zaidi ya 110 walikuwa wameripotiwa kufa. Lakini mifuko ilikuwa na tarehe na namba za toleo, kwa hiyo wenye mbwa waliweza kutazama jikoni kwao na kujua kama wanao ule ulioharibika. Sisi mbwa akianza kutapika na macho kugeuka manjano, tutarudisha nini dukani? Gunia lilishaisha, limeletwa jingine.

Najua kwa nini watu hununua kwa kipimo: si kila mtu ana pesa za gunia zima. Sitaki uuzaji huo upigwe marufuku. Naomba maafisa wa mifugo wa kaunti zetu mbili na shirika la viwango, KEBS, wawaagize wenye maduka waache lebo ya gunia wazi mbele ya mizani, nayo ioneshe viambato, tarehe ya mwisho na namba ya kibali. Namba hiyo mteja anaweza kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 na kujibiwa kama kibali ni halali. Gunia lisilo na lebo lirudi kwa aliyelileta, na muuzaji asilipishwe hasara hiyo peke yake.

Mfugaji,
Runyenjes, Embu