Punguza Samaki Kwanza, Dawa Baadaye



Tangu baridi ianze, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Afisa, samaki wangu wanajikwaruza kwenye kingo, wengine wana madoa meupe, niwape dawa gani?" Nami huuliza: bwawa lako lina ukubwa gani, na ndani kuna samaki wangapi? Wengine hukunja uso. Wamekuja kutafuta dawa, wananikuta napiga hesabu.

Msimamo wangu ni kwamba vimelea vya samaki karibu kila bwawa vinavyo, hata bwawa lenye afya. Vinavyovigeuza kuwa msiba ni wingi wa samaki na uchafu wa maji. Kwa hiyo fedha ya kwanza usiipeleke dukani kununua dawa. Chukua wavu, punguza samaki.

Angalia jinsi ugonjwa wa madoa meupe unavyokwenda. Kile kidoa unachokiona, mfano wa punje ya chumvi, ni kimelea kilichojificha chini ya ngozi ya samaki. Pale kilipo, dawa ya kwenye maji haikifikii. Kikishiba kinadondoka chini, kinajifunika kwenye tope na kugawanyika kuwa watoto mamia. Watoto hao hutoka wakiogelea kutafuta samaki wa kumshika, na wasipompata ndani ya siku mbili hivi, wanakufa. Sasa fikiria: bwawa lenye nafasi, wengi watakufa wakitafuta. Bwawa ambalo samaki wanagusana mbavu, kila mtoto anapata nyumba. Halafu wewe unamwaga dawa mara moja, unaua wale tu waliokuwa wanaogelea siku hiyo, na baada ya siku chache madoa yanarudi. Unasema dawa ni feki. Inawezekana ni feki kweli, lakini hata iliyo nzuri isingekusaidia kwa namna hiyo.

Tuje kwenye hesabu. Kwa bwawa la udongo lisilo na mashine ya hewa, anayeanza namwambia aweke sato 3 kwa kila mita moja ya mraba. Bwawa la mita 10 kwa 15 ni mita za mraba 150, kwa hiyo ni vifaranga 450. Lakini nakuta mtu ameweka 1,500 kwenye bwawa hilo hilo, maana muuzaji wa vifaranga alimwambia "wengine watakufa, ongeza." Muuzaji analipwa kwa idadi, hana hasara yoyote. Na niseme hata la upande wetu: miradi mingi hupimwa kwa vifaranga vilivyogawiwa, haipimwi kwa kilo zilizovunwa. Anayebeba mzigo ni wewe uliyekopa VICOBA kununua chakula.

Najua utaniambia samaki wachache ni fedha chache. Mtejani wako ananunua samaki anayejaza sahani. Sato 1,500 waliobanana kwenye bwawa hilo watakula chakula chako miezi sita na kubaki na ukubwa wa kiganja cha mtoto, hapo ni kama hawajaugua.

Kuna wengine waliweka idadi sahihi na bado wamejaza bwawa. Hao walinunua mbegu mchanganyiko, madume na majike. Sato jike huanza kuzaa akiwa na miezi mitatu au minne, na akianza haachi. Uliweka 450, leo hujui una wangapi. Kwa hiyo nunua madume watupu kwenye kituo kinachoaminika, au weka kambale wachache wadogo baada ya sato kukua, wale vitoto vinavyozaliwa. Usiwatangulize kambale, watakumaliza.

Kabla ya lolote, hakikisha ni vimelea kweli. Samaki wote wakipanda juu alfajiri kuhema, halafu jua likipanda wanatulia, hiyo ni hewa imepungua usiku. Acha kuweka mbolea, ingiza maji mapya. Mwenye vimelea anajikwaruza hata mchana, ngozi ina utando wa kijivu au madoa, anakataa chakula, anakonda, na mashavu yanakuwa na ute mwingi. Vimelea vingine havionekani kwa macho. Chukua samaki mgonjwa akiwa hai, ndani ya ndoo ya maji ya bwawa lako, umpeleke kwa afisa uvuvi wa wilaya mwenye hadubini. Usiniletee aliyekufa jana. Vimelea vingi humhama samaki akishakufa.

Ukishajua ni vimelea, usilishe siku moja, kisha vua asubuhi kukiwa na ubaridi. Toa wakubwa, uza. Endelea kutoa mpaka ufike kwenye hesabu niliyokupa. Badilisha robo ya maji, kesho yake robo nyingine. Wavu na ndoo vianike juani vikauke kabisa kabla ya kutumika tena, na usimwazime jirani. Samaki uliowatoa usiwahamishie kwenye bwawa lako lingine ukidhani umewaokoa, utakuwa umeusambaza ugonjwa.

Baada ya hapo ndipo tunaongea dawa, na dawa yangu ya kwanza ni chumvi ya kawaida. Kama unafuga kwenye turubai la lita 5,000, weka gramu 3 kwa lita, yaani kilo 15. Usizimwage kwa mpigo. Weka kilo 5 kila siku kwa siku tatu, ukiwa umeziyeyusha kwenye ndoo, na uiache maji hayo wiki nzima ili kila kizazi cha vimelea kinachotoka kikute chumvi. Ukibadilisha maji, rudisha chumvi kwa kiasi cha maji uliyotoa. Na maji hayo usimwagilie maharage wala mchicha, utaunguza bustani.

Kwenye bwawa la udongo hesabu inakataa. Lile la mita 10 kwa 15 lenye kina cha mita moja lina lita 150,000, hivyo lingehitaji kilo 450, magunia tisa ya kilo 50. Nani atanunua? Ndiyo maana kwa mwenye bwawa la udongo, kupunguza samaki na kubadilisha maji ndiyo tiba yenyewe.

Mrututu sitaki kuusikia kwa mfugaji asiye na vipimo. Madini yake ni shaba, na ukali wake unategemea maji yako: kipimo kilichomsaidia mwenzako mwenye maji magumu kinaweza kuua bwawa lako zima lenye maji laini. Formalini nayo hupunguza hewa kwenye maji na ni sumu kwako unayeishika. Tuwaachie wataalamu wenye vifaa.

Wasomaji wa pwani waliowahi kuniuliza kuhusu matanki ya kioo ya samaki wa miamba, yale ya mahotelini, kwenu ni yale yale. Huko kuna kimelea kingine cha madoa meupe cha maji chumvi, na tanki likijazwa samaki kinashamiri vilevile. Tofauti ni kwamba shaba huua matumbawe na kamba waliomo. Samaki lazima watolewe na kutibiwa pembeni. Njia isiyohitaji dawa ni kuwahamisha kila baada ya siku 3, mara 4, kwenda chombo kikavu kilichosafishwa na kujazwa maji mapya ya chumvi, ili kimelea kinachodondoka kibaki nyuma. Tanki la miamba nalo likae bila samaki kwa wiki 11 hivi.

Neno kwa wachuuzi. Mfugaji akikupigia kwamba anapunguza samaki, nenda kanunue. Madoa meupe hayamwambukizi mtu; toa matumbo, osha, kaanga waive. Lakini muulize swali moja kabla ya kutoa fedha: umeweka dawa gani kwenye maji, na lini? Akisema mrututu, formalini, au akianza kujiumauma, ondoka na ndoo zako tupu. Na ukikuta vijinyoo vya njano ndani ya nyama, hao wanatokana na konokono na ndege wa majini, chumvi haiwatoi. Mrudishie, mwambie asafishe majani ya kingoni.